Chupa Niliyoihifadhi Kabatini

Mama hakuwahi kumwaga kitu chenye manufaa. Alitulea kwenye mteremko wa Mlima Meru, katika shamba la kahawa ambako hata maji ya kuoshea vyombo yalikuwa na mgomba wake. Kwa hiyo hospitalini alikolazwa, muuguzi alipomfungua dripu ili apelekwe kupigwa picha ya kifua, na chupa ikabaki nusu, Mama alinikazia macho.

"Usikubali aitupe. Hiyo ni dawa."

"Mama, watafungua nyingine."

"Nyingine ya nini? Na elimu yako yote hujui kutunza kitu!"

Mgonjwa wa kitanda cha jirani akacheka. "Bibi, mwishowe utamwambia ainywe."

Nilicheka nami. Kisha nikaziba mdomo wa chupa kwa pamba, nikaiweka katika kabati la kando ya kitanda, karibu na themosi ya supu ya mtori.

Kesho yake mchana alikuja muuguzi mwingine, binti mdogo, peke yake katika wodi iliyojaa. Kabla hajafungua dripu mpya, nilimpa chupa ile kwa mkono wangu.

"Imefunguliwa lini, mama?"

"Si muda mrefu," nilisema.

Akaitundika.

Haikupita nusu saa, Mama akaanza kutetemeka. Meno yaligongana, kitanda cha chuma kikalia chini yake, midomo ikageuka rangi ya majivu. Nilimfunika kwa mablanketi mawili na kitenge changu, lakini mwili ulichemka huku yeye akilalamika baridi. Aliponitazama, sikuwa na hakika kama ananifahamu.

Daktari alifika akikimbia. "Bibi alikuwa wapi kabla ya kulazwa?"

"Wiki iliyopita alikuwa Nduruma, kwa dada yangu."

"Kule mbu ni wengi," yule binti muuguzi akasema. "Itakuwa malaria."

Jibu lilikuwa limepatikana, wala halikunitia hatiani. Daktari alikuwa ameanza kuandika nilipoisikia sauti yangu: "Daktari, chupa hiyo ni ya jana. Niliihifadhi mimi."

Akaifunga dripu papo hapo, akaichomoa sindano mkononi mwa Mama, akaagiza chupa iende maabara pamoja na damu. Alinieleza, bila kunikaripia, kwamba maji yale yakishafunguliwa vijidudu huweza kuzaliana humo na yasibadilike rangi hata kidogo, na kwamba sasa huenda vilikuwa ndani ya damu yake. Shinikizo la damu lilikuwa linashuka. Walimwanzishia dawa kwa mkono wa pili, nami nikabaki nimeshika mguu wake, mahali pekee ambapo sikuwazuia.

Homa ilishuka siku ya tatu. Nilimsimulia yote, hata kwamba nilisita.

"Ulimwogopa nani?" aliuliza. "Daktari?"

"Yule binti muuguzi, Mama. Nilikuwa nimemdanganya."

Akageukia ukutani.

"Na mimi nilikuwa nakufa," akasema.