Ngata ya Mama Colette

Mama Colette hajui kunong'ona. Alizaliwa Ntoto, kule mwituni Walikale, ambako ukimwita mtu aliye ng'ambo ya mto huna budi kupaza sauti, na sauti hiyo alipanda nayo mpaka Bihambwe siku alipoolewa. Watu wa Bihambwe ni wakulima wa milimani, wenye haya yao. Jambo la chini ya kitovu halitajwi mbele za watu. Yeye hulitaja. Hulitaja njiani, kikapu cha shu kichwani, zile kabichi nzito za Masisi, huku akimuuliza mzazi mpya kwa juu ya ua kama amepata choo. Ndiyo maana wanawake wakiwa na mimba humkwepa, na wakishajifungua humtafuta.

Centre de santé, kituo cha afya cha pale, ilimchagua kuwa relais, yaani mtu wa kuwatembelea wazazi nyumbani wakishatoka kujifungua. Hakusomea kazi hiyo. Ana masikio ya kushika maneno ya muganga wa kituo, ana mikono aliyoirithi kwa mama yake, na ana mdomo. Ukimwambia kwamba mdomo umezidi, atakuambia bila mdomo hata mtoto hanyonyi.

Juzi hapa alikwenda kwa Mama Béata, tena alikwenda akijua nyumba ile ni ngumu. Mama Béata ni mkubwa wa wamama wa parokia, hacheki ovyo, na akiketi huketi upande, paja moja tu juu ya kiti, kama mtu asiyetaka kukaa na wenzake. Watu husema ni maringo. Mama Colette naye alikuwa akisema hivyo, na kwa sauti yake ile, mtaa mzima ulisikia.

Mke wa mwana wa Mama Béata, Murekatete, alikuwa amezaa mtoto wa kwanza, msichana, na alishonwa. Sasa mtoto alikuwa analia kutwa, matiti ya mama yamekuwa magumu kama mawe, na kila alipomnyonyesha alijipinda, akakunja uso, akamtoa mtoto kabla hajashiba. Mama Béata alikwisha kutoa hukumu. Maziwa yamekataa, alisema, na jirani mwenye ng'ombe ameshaambiwa.

"Siku ya jina, kama maziwa haijakuja, nitamupa mutoto ile ya ngombe," alimwambia Mama Colette palepale mlangoni. "Siwezi kuangalia damu yangu inakufa na njaa mbele ya bageni."

 Mama Colette aliwahi kusindikiza kisanduku kidogo makaburini kwa sababu ya maziwa ya namna hiyo, tumbo la mtoto lilipoyakataa, na hakutaka kusindikiza kingine. Lakini kugombana na Mama Béata mlangoni kwake ni kufungiwa mlango. Akainama, akaingia.

Kwanza alimshika Murekatete paji la uso: hana homa. Akaangalia damu: si nyingi, wala hainuki. Angeona kimojawapo, angewaambia wachukue mtoto na mama waende kwa muganga saa ileile, bila mjadala. Ila midomo ya Murekatete ilikuwa mikavu, imepasuka, na kichwa kilimuuma. Huyu hanywi, Mama Colette alisema. Mama Béata akachukia. Hanywi vipi? Kila asubuhi anamletea kikombe kikubwa cha uji wa mahindi, soya na mtama, na kikombe kinarudi kitupu. Kama kumthibitishia, akaleta kingine, kimejaa, akamkabidhi mkwewe, akatoka.

Mama Colette naye alitoka kwenda kunawa mikono nyuma ya nyumba. Huko akakuta kuku wote wa boma wamejipanga chini ya dirisha la chumba cha mzazi, vichwa juu. Kuku hawaangalii dirisha bure. Akasimama kando ya ukuta, akangoja. Haukupita muda, mkono ukachungulia, na uji ukashuka.

Alimtuma Mama Béata akachemshe maji mengi, akarudi chumbani, akafunga mlango. Na safari hii, ajabu ya Mungu, alinong'ona.

"Kuku ya mama mukwe wako inanona kuliko weye. Juu ya nini?"

Murekatete alilia kwanza. Kisha akasema, uso ukiwa umeelekea ukutani.

"Nikikunywa nitakojoa. Nikikojoa, pale walinishona inachoma sawa pilipili. Na kikao pia siwezi. Sasa mambo ile nitamuambia mama ya bwana yangu namna gani?"

Kumbe ndiyo hiyo. Mama Colette aliona huruma, tena akataka kucheka. Muganga alikuwa ameeleza yote siku ya kutoka, lakini aliyaeleza Mama Béata akiwa amesimama pembeni, na mkwe alikuwa anahesabu vidole vya miguu yake kwa aibu, hakusikia hata moja.

"Mficha uchi hazai," alimwambia. "Na weye umekwisha kuzaa. Sasa unaficha nini?"

Basi wakaanza upya. Maji yaliyochemka yakaachwa yapoe yawe vuguvugu, na Murekatete akaenda nayo chooni, akajimwagia pale pale palipoumia wakati uleule wa kukojoa. Alirudi macho yamemtoka: haikuchoma, au ilichoma kidogo tu. Mama Colette akamwambia kwamba mkojo unaochoma zaidi ni ule mzito wa mtu asiyekunywa, kwa hiyo alikuwa anajipikia pilipili mwenyewe. Papai na mboga zitalainisha choo. Akisukuma, ashike kitambaa safi pale pa nyuzi, hazitakatika. Asikandwe na maji ya moto mahali hapo, hata shangazi yake aape. Na mtoto akinyonya, tumbo likimkata, asiogope. Ni nyumba ya mtoto inarudi mahali pake.

Akamlaza ubavu, akamkamua kidogo titi lilainike, akamweka mtoto tumbo kwa tumbo na mama yake. Mtoto alishika. Alipomaliza, Mama Colette alitoa shu moja kikapuni, akaiosha, akabandika majani yake mabichi juu ya matiti ili yatulize uvimbe. Murekatete alicheka kwa mara ya kwanza, akasema sasa yeye ni shamba.

Ikabaki kikao. Siku ya jina mzazi huketi chini, juu ya mkeka, mbele ya wanawake wote, na mzazi anayeketi vibaya husemwa. Mama Colette alichukua ngata yake, ile duara ya majani makavu ya ndizi iliyozungushiwa kitambaa, anayoweka kichwani chini ya kikapu. Akaisukuma chini ya kitenge cha Murekatete.

"Ile kitu inabeba shu," alisema, "itakubeba na weye."

Yeye mwenyewe alirudi nyumbani na kikapu juu ya kichwa kitupu, shingo ikimuuma, akitukana kila jiwe la njiani.

Siku ya jina ilipofika, watoto wa majirani walikula maharage na kupiga kelele za majina waliyomchagulia mtoto. Pembeni, jagi la maziwa ya ng'ombe lilikuwa tayari, limefunikwa. Murekatete alitoka, akashuka polepole kwenye mkeka, akatengeneza kitenge chake, akaketi wima. Akampa mtoto titi. Wanawake wakasikia sauti ya mtoto anameza. Mama Béata alimtazama muda mrefu. Halafu akanyanyua jagi, akaenda kulimimina kwenye chai ya watoto. Msichana akaitwa Igiraneza.

Wageni walipoondoka na Murekatete akaingia kulala, Mama Béata alikunja mkeka na kuiona ngata. Aliishika, akaigeuza. Mama Colette alijiandaa kwa ugomvi, maneno yote yakiwa ulimini.

Lakini Mama Béata aliiweka ngata juu ya benchi, akaangalia mlangoni kama kuna mtu, akaketi juu yake. Aliketi kote kuwili, kikao kizima, akafumba macho.

"Tangu nilizaa Habumugisha," alinong'ona, "sijakaa hivi."

Habumugisha ana ndevu. Leo ni baba wa mtoto. Mama Colette alikumbuka aliyoyasema njiani kuhusu maringo, na akaona aibu, yeye asiyejua aibu. Alivuta kiti, akakaa karibu kabisa.

"Kesho tunaenda kwa muganga," alisema polepole. "Miye na weye. Weye usiseme kitu, miye njo nitaongea."

Mama Béata aliitikia kwa kichwa, wala hakuinuka pale alipokuwa.