Maua ya Buluu Mbele ya Nyumba ya Mwanangu

Shule niliacha darasa la tatu, lakini majani nayajua. Mjukuu wangu wa miaka saba alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Nikitoka Karurumo kwenda kwa mwanangu, kule kwenye nyumba za mawe nje ya mji wa Embu, ananishika mkono hata chai sijanywa. "Shosho, hili linaitwaje? Linaliwa?" Hakuna kitu kilichonivimbisha kichwa kama maswali hayo.

Safari moja nilimkuta na sungura, jike, ana mimba. Analishwa kabichi tu. Kabichi! Nikatazama mbele ya nyumba, nikaona majani yametambaa chini, maua ya buluu. Mukengeria, chakula cha sungura tangu nikiwa msichana. Nikainama, nikaanza kung'oa.

Mke wa mwanangu akatoka, mikono ina povu. "Mama, hayo niliyanunua kwa wauza miche. Ni ya urembo. Sijui kama yanaliwa."

"Umenunua mukengeria? Kwetu tunapigana nayo kwa jembe!"

Akacheka kidogo, kicheko cha heshima. "Tungoje basi baba mtoto, tumuulize."

"Aulizwe yeye? Na nani alimfundisha?"

Sasa, mukengeria hupimwa. Unavunja kishina, unakisugua kwa vidole. Kikiwa na ute wa kuteleza kama bamia, ndiyo yenyewe. Mama yangu alinifundisha hivyo, na mjukuu wangu nilimfundisha hivyo hivyo. Alikuwa ananitazama, anangoja nivunje. Sikuvunja. Ningevunjaje mbele ya mama yake, kama mtu mwenye shaka?

Nikampa mtoto fungu zima. Akamlisha sungura wake mwenyewe, jani kwa jani.

Asubuhi sungura alikuwa amelala ubavu, tumbo limefura, anasaga meno. Kufika saa nne, amekufa. Ndipo nikaenda nikavunja kishina. Nikasugua, nikasugua. Hakitelezi.

Mke wa mwanangu akaniletea chai kwa heshima ile ile. Afadhali angenitukana. Mtoto naye hakulia mbele yangu.

Jana nilirudi na kikapu cha terere, mboga anayoipenda mjukuu wangu. Akachukua jani moja, akalivunja, akalinusa, halafu akakimbia nalo jikoni.

"Mami, hili linaliwa?"

Nilibaki nimeketi pale nje, kikapu mapajani. Nilitaka kumwambia amefanya vizuri, kupima ndiko nilikomfundisha. Badala yake nikaanza kuchambua terere.