Sindano Sita mu Goti, Mbele ya Bamama ba Parokia

Nitaisema mi mwenyewe, juu hata nikinyamaza mutaa wetu wote wa Musonoi unaijua: mi, présidente wa bamama ba parokia, nilisimama mu barabara mchana kweupe, kikwembe kimekunjwa mpaka juu ya goti, na mu hilo goti sindano sita zimesimama.

Goti la kuume lilikuwa limevimba miezi mingi, linawaka moto, na bidonge bya hospitali bilikuwa binanisaidia nusu. Lakini ile tiba ya sindano nyembamba zisizo na dawa, zinachomwa tu mu ngozi, nilikuwa nimeisema vibaya mu mukutano wa bamama, namuangalia Mama Ngalula usoni (yeye njo alikuwa anaenda kuchomwa mukono wake), nikasema ni mambo ya giza, Mukristo haendi. Basi nilipochoka na maumivu, nikaamua kwenda kwa kujificha, na kule kujificha njo kulileta yote.

Tata Kazadi, kinési, yule munganga wa misuli na mifupa, alinilaza mu chumba chake cha mbele, akachoma. Nikamuuliza kama kuna pepo ndani. Akanieleza pole pole kwamba sindano inaamusha mushipa wa fahamu, mushipa unapeleka habari ku kichwa, na pengine mwili wenyewe unapunguza ule moto wa uvimbe. Wataalamu bangali banachunguza, kwa bamoja inasaidia, kwa bengine hapana, na bidonge nisiache. Nikafunga macho.

Ndiyo sireni ya mugodi ikalia. Sisi benye kukaa karibu na mashimo tunajua: ikilia, banataka kulipua mawe, kila mutu atoke nje, juu kuta zetu zina nyufa. Tata Kazadi aliniambia nimungoje atoe sindano kwanza, mi nilikuwa nimekwisha kufika ku barabara. Na pale mbele yangu, bamama nane ba parokia banatoka mazoezi ya kwaya. Hakuna aliyecheka (heri bangecheka). Baruti ikalipuka, vumbi likatushukia sote, na bado banaangalia goti.

Mama Ngalula akanikaribia.

"Présidente," akasema, "si ulituambia ni mambo ya giza?"

Nilitaka kushusha kikwembe, sindano zikanikataza. Hasira ikanipanda, si juu yake, juu yangu.

"Mama, nilikuhaibisha mbele ya batu," nikamujibu, kwa sauti bote basikie, "nakuomba musamaha mbele ya batu. Lakini goti ni langu, na nitarudi."

 Mama Ngalula akanishika kiwiko, nisianguke, mpaka Tata Kazadi akamaliza kutoa sindano pale pale barabarani.

Siku ya Mungu, kiisha misa, bamama balichagua présidente mwingine. Sikubishana, balifanya haki, juu nilibadanganya. Uvimbe umepungua, labda sindano, labda bidonge, labda byote bibili, sitaapa. Lakini kujificha, mi basi tena. Kila siku ya ine ya juma, jua likiwa juu, napita katikati ya Musonoi naenda kuchomwa, na mutu akiniuliza naenda wapi, namuambia.