Mlango wa Kamanda

Mama yangu hajawahi kuvaa sare hata siku moja, lakini mtaa mzima unamwita Kamanda. Jina alilipata pale tajiri mmoja alipotaka kubomoa nyumba zetu kuukuu za kando ya mto ili ajenge maghala. Mama, mpishi wa shule, alisimama kidete. Aliwapanga wanawake wenzake mbele ya tingatinga, wamejifunga vibwebwe, akamwambia dereva apite juu yake kama ni mwanamume kweli. Dereva akazima mashine, akawasha sigara.

Hakuishia hapo. Alizisumbua ofisi mpaka nyumba zetu zikatangazwa urithi, na kanuni aliidai mwenyewe: upande unaotazama mto usiguswe, si dirisha, si mlango, si kizingiti.

Sasa miguu imemkataa, na kiti chake cha magurudumu hakipiti mlangoni. Nyumba za mtaa huu zimepeana migongo, kwa hiyo mlango ni huo mmoja unaotazama mto. Mara ya mwisho wanaume wanne walimbeba kumpeleka hospitali, wakambamiza bega kwenye fremu. Tangu hapo hataki kubebwa.

"Mimi si kabati," anasema.

Mto uko ng'ambo ya barabara tu, lakini Mama hauoni, maana dirisha liko juu ya kichwa chake. Kutwa ananiuliza kama maji yamepanda. Namjibu nikiwa kwenye cherehani yangu, roho inaniuma.

Nilikwenda ofisi ya urithi kuomba ruhusa ya kupanua mlango kwa upana wa kiganja. Afisa alinikaribisha vizuri, akanisikiliza, akatikisa kichwa.

"Dada, kanuni hii ni ya mama yako. Nikimruhusu yeye, nitamkatalia nani?"

Niliondoka bila kuaga. Nilikuwa na hasira naye, na zaidi nilikuwa na hasira na mama, ingawa hilo sikulisema. Kesho yake nikamwita seremala kimyakimya. Mama alipomwona na msumeno wake, uso ulimchangamka.

"Karibu, fundi. Leo nitauona mto."

Seremala akapima fremu, akaweka alama kwa penseli, akashika patasi. Mama akamzuia mkono.

"Hebu ngoja, baba. Ukitoka hapa unakwenda wapi?"

"Kwa jirani yako, mama. Anataka kung'oa ukuta wa mbele aweke mlango wa chuma, afungue duka. Kasema anangoja aone kwako kwanza. Na wa kule kona vilevile."

Mama akaitazama ile alama ya penseli. Viganja vyake vilikuwa juu ya magurudumu, kama anayejiandaa kwenda.

"Funga vyombo vyako, fundi," akasema.

Hapo nikashindwa kujizuia. "Mama! Huu mtaa ndio utakaokutoa nje? Hao majirani wamekuja kukuona lini?"

"Hawaji."

"Sasa?"

Machozi yakaanza kumtoka, na mimi sikuwahi kumwona Kamanda akilia, hata mbele ya tingatinga.

"Nataka kutoka, mwanangu. Nataka kutoka kuliko unavyojua," akasema. "Ifute ile alama ya penseli, isije ikaonekana."

Nikachukua kitambaa, nikaifuta.