Pale Saratani Ilipoishia

Miaka ile ya vita nilikuwa muuguzi kwenye kituo cha afya cha Ntoto. Dada yangu mkubwa, aliyenilea baada ya mama kufa, alikuwa analima Muheto. Mapigano yalipofika huko, alitembea siku nne hadi kwangu. Hakuanza na habari za vita. Alifungua blauzi.

"Mudogo wangu, gusa hapa. Iko ngumu kama jiwe."

Niligusa titi la kushoto; uvimbe haukusogea chini ya vidole.

Nilimpeleka Walikale kwa daktari mpasuaji. Barabara ya Bukavu ilikuwa imefungwa na jenereta haikuwa na mafuta, basi nikamshikia daktari tochi wakati akimpasua dada. Alitoa titi lote, kisha akasita, akibonyeza nyama iliyobaki kwa kidole, akaniita kama wauguzi wanavyoitwa kwetu.

"Muganga, sioni kama imeisha. Kwa macho, nyama yote inafanana. Chini njo mbavu. Nikate tena ao niache?"

Dada alikuwa amepoteza damu nyingi. Nikasema, "Acha, docteur."

Tulipokuwa tukinawa mikono, daktari aliniambia alisoma juu ya dawa wanayoijaribu ng'ambo. Yenyewe haiwaki. Ukiinyunyiza juu ya nyama hai, kimeng'enya, kile kichocheo cha mwilini, kilichojaa kwenye chembe za saratani kinaikata, na hapo tu ndipo inawaka kijani chini ya taa ya buluu. Nyama isiyo na saratani inabaki giza.

"Unakata penye kuwaka, unaacha pengine," alisema.

"Inaweza kupatikana Bukavu?"

"Muganga, hata uzi wa kushonea unatuishia."

Miezi michache baadaye, vinundu vidogo vilitokea kandokando ya kovu. Nilivihesabu kwa kidole, vitano, nikavihesabu tena kana kwamba vingepungua.

"Imerudia?" dada aliuliza.

"Njo mimi nilisema daktari aache kukata."

Alivuta blauzi kwa mkono wa kulia. "Na kama angeendelea?"

"Sijue."

"Basi hata mimi sijue," alisema, akaniomba nimfunge vifungo, kwa kuwa mkono wa kushoto ulikuwa umevimba na hauinuki tena.

Kituoni nilikuwa na vidonge vya kutuliza maumivu vya wiki mbili. Yeye aliishi wiki saba.