Mahfoudh Anawafundisha Farasi Wasishinde

Kosa lilikuwa la mwandishi, na afadhali alitaje mwenyewe kabla watu wa Azaiba, pwani ya Maskati, hawajalitaja, maana wao wakishaanza hawamalizi.

Ilikuwa mwezi wa Oktoba, harusini. Farasi wawili walikuja shoti juu ya mchanga wa pwani. Mmoja, jike mchanga wa rangi ya majivu, akamwacha mwenzake nyuma, akapita mbele ya watu peke yake kama karatasi iliyochukuliwa na upepo. Mwandishi akaruka, akarusha kofia yake juu, akapiga kelele, "Kashinda! Kashinda!" Kisha akamkimbilia mpandaji na kumshika mkono. "Hongera, bwana! Umemwacha mbali!"

Hakuna aliyepiga kofi hata moja. Wazee waliokaa kwenye mikeka wakawa wanatazama mchanga. Mpandaji, mtu mwembamba wa miaka arobaini na moja, akashuka na kusema kwa sauti ya mtu anayemfariji mfiwa:

"Sheikh, nliyeharibu ni mimi. Lakini ahsante. Na kofia yako iko pale, mbuzi anaila."

Mbio zile huitwa ardha, na si mbio za kushindana. Farasi wawili hutoka pamoja na kufika pamoja, pua kwa pua, na wapandaji wao wameshikana mikono huku wakienda shoti. Wakiweza, husimama wima migongoni mwa farasi bila kuachana. Anayetangulia ndiye aliyeshindwa. Kwa hiyo mwandishi alikuwa amempongeza mtu kwa aibu yake, mbele ya wakwe na mashahidi.

Mtu huyo ni Mahfoudh bin Zahran, saisi wa farasi, na huu ulikuwa mwaka wake wa mwisho wa kufagia zizi tu. Au hivyo ndivyo alivyotumaini.

* * *

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, katikati ya Ramadhani, bahari ya Azaiba imetulia kama maziwa kwenye bakuli. Ukungu mwembamba umelala juu ya maji, na jua bado halijaamua litokee wapi. Mahfoudh anatembea pekupeku kati ya farasi wawili. Kulia kwake yupo Dalil, dume mweusi wa miaka minne, mpole kama mzee wa msikitini. Kushoto yupo Muzna, yule wa rangi ya majivu, ambaye masikio yake hayakai mahali pamoja.

Anawatembeza hadi kwato zao ziwe na mdundo mmoja. Zikipishana, anasimama na kuanza upya. Leo ameshaanza upya mara kumi na moja.

"Huyu mama yake alikufa siku aliyomzaa," anasema, akimgusa Muzna chini ya singa za shingoni. "Nlimvuta mimi kwa mikono hii. Nkamlea kwa maziwa ya mbuzi. Watu wakicheka, wanasema Mahfoudh kapata mtoto wa pili, huyu ana miguu minne."

Mtoto wake wa kwanza ni Shaikha, mwenye miaka tisa, ambaye ndiye aliyempa Muzna jina. Maana yake ni wingu la mvua, na Maskati wingu la mvua ni kitu cha kungojewa.

Kule Unguja, Mahfoudh alikuwa akifundisha punda. Si punda wa mikokoteni, bali wale weupe warefu wa kupandwa, walioitwa punda wa Maskati, na alikuwa akishinda nao mbio kila sikukuu. Mwaka 1964 akaondoka na mkewe Rahila, mtoto mgongoni, na nguo walizovaa.

"Nlipofika Maskati yenyewe nkaulizia punda wa Maskati," anasema. "Nkaambiwa chukua ufagio, kuna farasi."

Aliyempa ufagio huo ni Sheikh Yaarub, mfanyabiashara wa Matrah ambaye naye alikaa Unguja miaka mingi akinunua karafuu, na Kiswahili chake kina harufu ya karafuu mpaka leo. Mshahara ni riali kumi na mbili kwa mwezi, pamoja na mchele na tende. Kwa miaka sita Mahfoudh amewapanda farasi wa Sheikh asubuhi tu, pwani, watu wakiwa hawapo. Siku ya watu hupanda wengine.

Mwaka huu Sheikh akamwambia, haya, wafundishe hawa wawili wachanga, na Muzna umpande mwenyewe. Ndipo ikatokea ile harusi.

Jioni ya harusi hiyo Sheikh alimwita barazani. Rahila alisikia yote akiwa nyuma ya pazia.

"Mahfoudh, nna heshima zangu hapa mjini."

"Najua, Sheikh."

"Nakupa mpaka Idi. Muzna akikimbia sambamba na mwenzake mbele ya watu, simuuzi, na hapandwi na mtu mwengine ila wewe. Akitangulia tena, namuuza. Umenifahamu?"

"Nimekufahamu."

"Na yule rafiki yako mwandishi umwambie, siku ya Idi avae kilemba. Kilemba hakirushiki."

* * *

Mwenzake Mahfoudh katika ardha ni Ghanim, mpandaji wa Dalil, mzaliwa wa Wete, Pemba. Ni mtu wa kifua kipana na maneno mengi. Mara nne kabla ya Ramadhani walijaribu kukimbia wameshikana mikono, na mara nne Muzna akachomoka.

"Mkono wangu huu sasa mrefu kuliko wa pili," Ghanim anasema, akiinyoosha yote miwili kuthibitisha. "Mke wangu kaniambia kanzu zote itabidi zishonwe upya. Nyinyi Waunguja mna haraka ya nini? Mnakwenda wapi?"

"Na nyinyi Wapemba," Mahfoudh anajibu, "mkialikwa Idi kubwa mnafika Maulidi."

Walijaribu kila kitu. Waliwalisha farasi kwenye hori moja. Waliwafunga usiku kamba moja. Walibadilisha lijamu. Muzna alikuwa akitembea vizuri na kwenda polepole vizuri, lakini shoti ikianza tu anakuwa mshale.

Aliyegundua ni Rahila, na hajawahi kumpanda farasi maishani mwake. Anashona kofia, na macho yake yamezoea matundu madogo. Siku ya kumi ya Ramadhani alikuwa amemwekea mumewe futari, uji na mkate wa kumimina, akashika shavu akawa anamtazama.

"Baba Shaikha."

"Naam."

"Umekula nini?"

Mahfoudh akatazama sahani. Ilikuwa tupu. Akafikiri. "Mkate?"

"Unaniuliza mimi? Miaka sita unakula kama mtu anayefukuzwa. Ukisali, salamu ya mwisho umeshasimama. Ukilala, mguu mmoja uko nje ya kitanda. Leo nlikuja pwani, nkasimama kule kwenye nguzo za kuanikia nyavu. Mimi farasi siwajui, lakini wewe nakujua. Yule mnyama hana haraka hata chembe. Haraka ni yako. Unamwinamia kabla hajaanza, ushamwambia kwa magoti, twende, twende, watatukuta."

Mahfoudh aliiosha ile sahani mwenyewe usiku huo, jambo ambalo Rahila anasema halijawahi kutokea.

"Kweli tupu," anakiri. "Punda ukitaka akimbie lazima umwombe kwa mwili mzima. Lakini si punda tu. Tangu mwaka ule, kila nikikaa naona kama kuna mtu yuko njiani, anakuja kuniambia ondoka. Basi nakuwa tayari. Miaka sita niko tayari. Farasi anajua. Farasi utamficha nini?"

Dawa ikatoka kwa Ghanim, bila mwenyewe kukusudia. Kinywa chake hakikai, hata juu ya farasi. Asubuhi ya siku ya kumi na nane ya Ramadhani, wakiwa wanaanza, akawa anasimulia habari za shangazi yake Mahbuba wa Wete alivyoolewa mara ya tatu, na bwana harusi akapotea siku hiyohiyo, nyumba nzima inamtafuta. Farasi wakashika kasi. Muzna akachomoka. Mahfoudh akarudi akihema.

"Akapatikana?"

"Nani?"

"Bwana harusi!"

Ghanim akamtazama, na taratibu uso wake ukafunguka kama duka asubuhi. "Ukitaka kujua," akasema, "kaa karibu yangu."

Tangu hapo Ghanim akawa anasimulia kwa sauti ya chini, chini kabisa, sauti ambayo mtu haisikii ila awe bega kwa bega naye. Mahfoudh akitangulia, anakosa kisa. Asubuhi ya kwanza alifika kwenye habari za mpishi. Ya pili, kwenye habari za kadhi aliyelala jamvini. Bila kujua, alikuwa ameacha kuinama mbele. Alikuwa ameinama kando, sikio kwa mwenzake, magoti yamelegea, na Muzna chini yake akaanza kukimbia kama naye anasikiliza.

Mwezi ishirini na tatu Ramadhani, ukungu ulikuwa mzito kiasi cha kutojua bahari inaishia wapi. Waliotazama wanasema waliona kitu kimoja tu kinakuja, mnyama mmoja mwenye miguu minane, na hakuna sauti ila kwato na mtu anayenong'ona. Wakapita. Wakaendelea kupita, mpaka mbali huko kwenye mashua za mwisho zilizopandishwa mchangani.

"Kumbe bwana harusi alikuwa darini siku zote?" Mahfoudh aliuliza.

"Siku zote."

"Ndo kwisha?"

"Ndo kwisha."

Hapo ndipo walipotazama chini wakaona viganja vyao vimeshikana, na pua mbili, nyeusi na ya majivu, zimelingana kama vidole vya mtu anayesali.

Mahfoudh anasema alilia kidogo. Ghanim anasema si kidogo.

* * *

Siku ya Idi watu walijaa pwani tangu jua changa. Wanawake walikaa upande wao, wamevaa rangi zote za dukani. Farasi walikuja wamevishwa fedha kifuani, wapandaji wanaimba mashairi ya kuwasifu. Mwandishi alivaa kilemba.

Muzna na Dalil walitoka wa saba. Mtu akieleza atasema tu kwamba farasi wawili walikimbia pwani. Lakini palikuwa na wakati, labda pumzi tano au sita, ambapo Mahfoudh na Ghanim walisimama wima juu ya migongo, pekupeku, kanzu zimejaa upepo, mkono kwa mkono, na chini yao hapakuonekana mbio. Ilionekana kama dunia ndiyo inayopita na wao wamesimama. Wazee walisimama. Shaikha alisahau kutafuna haluwa yake.

Walifika pamoja. Safari hii makofi yalipigwa, na mwandishi alingoja wengine waanze.

Sheikh Yaarub alikuwa amekaa na wageni wake, mmoja wao tajiri aliyekuja kutoka Dubai. Alipoletewa Muzna, amelowa jasho na anang'ara, mgeni akamsifu. Akasifu macho, akasifu shingo, akasifu mwendo.

Na hapa kuna ada. Mgeni akisifu kitu chako, humwambii ahsante ukanyamaza. Unamwambia, "Ni chako." Naye ada yake ni kusema, "Kibaki mikononi mwako, Mungu akibariki." Watu husemezana hivyo kutwa nzima, na vitu vyote hubaki kwa wenyewe.

"Ni wako," Sheikh akasema, akitabasamu.

"Nimemkubali," mgeni akasema. "Mungu akuzidishie."

Tabasamu la Sheikh likabaki usoni halijui liende wapi. Neno lilikuwa limeshatoka, mbele ya watu mia. Ghanim akaivuta saa yake ndani ya mkono wa kanzu, isije nayo ikasifiwa. Hakuna aliyecheka.

Mtumishi wa mgeni akashika hatamu za Muzna. Mahfoudh alikuwa bado anampangusa shingo, akapisha. Muzna akaenda hatua kumi, akasimama. Akageuza kichwa akalia. Dalil akajibu, akamburura Ghanim aliyekuwa amemshika. Mtumishi akavuta tena. Muzna akachimba kwato mchangani, akakataa.

"Ana nini huyu?" mgeni akauliza.

"Hana kitu," Mahfoudh akasema. "Nimemfundisha mimi hivyo."

Alikwenda mpaka kwenye mkeka wa Sheikh, akapiga magoti mbele yake. Hakuharakisha. Rahila, kutoka upande wa wanawake, anasema hajawahi kumwona mumewe akitembea polepole namna ile.

"Sheikh, mimi sisemi neno lako lirudi. Ahadi uliyonipa mimi isiwe aibu yako wewe. Neno likishatoka limetoka."

Sheikh akatazama finjani yake.

"Lakini huyu hawezi tena kukimbia peke yake. Miezi miwili nimemnyima hilo. Ukimpeleka peke yake, atasimama tu kwenye zizi la watu, hatokula. Nakuomba kitu kimoja."

"Mahfoudh," Ghanim akasema kwa sauti ya chini, "usiseme."

"Mimi kazi nyengine ntapata, Sheikh. Wanachimba barabara, wanataka watu wenye mikono. Nakuomba, umpe na Dalil. Waende wote wawili."

Mgeni akawa anahesabu tasbihi. Mtu wa kahawa alifika na dele lake, akaona, akarudi nyuma bila kumimina.

"Wasitenganishwe, Sheikh," Mahfoudh akasema. "Nakuomba."