Soda za Wageni

Majira ya baridi ya kwanza tulipohamia mji wa Champlin, huku ughaibuni, niliacha katoni mbili za soda kwenye gereji. Zilikuwa za wageni, na mtoto ambaye angezigusa angenitambua. Zikaganda, makopo yakapasuka, barafu ya rangi ya chungwa ikashika sakafu nzima.

"Kwani ni mgeni gani?" mume wangu akauliza, na kweli hakuna mtu aliyekuwa amebisha hodi kwetu. Nilimnunia siku mbili. Nyumba isiyo na soda ya mgeni mimi siijui.

Tangu hapo, kila Oktoba tunapoiandaa gereji, yeye hubandika mpira chini ya mlango upepo usipenye, husogeza koleo la theluji karibu, nami huhamishia soda jikoni, zilezile za mwaka uliotangulia, zimejaa vumbi.

Mwaka huu nilijifunga kanga kiunoni, nikainama kubeba. Katoni zikainuka nyepesi, nusura nianguke chali. Watoto ndio hutumwa kuchukua soda mgeni akibisha hodi, na kiangazi hiki walitumwa mara nyingi, kwa hiyo wezi niliwajua.

"Nani kamaliza soda za wageni?" nikafoka.

Mume wangu alikuwa amepiga magoti mlangoni na mpira wake. Hata hakugeuka.

"Wageni," akasema.